Masanamu yangu ya Godzilla na Alien yananata baada ya masika: ni udi, chumvi, kabati au ndo feki?

#1 Kikwajuni_Juu
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada kwa wanaojua plastiki.

Nna masanamu ya viungo (yale ya plastiki yanayokunjika mikono na miguu) ya mazimwi ya filamu, 11 kwa jumla, nimeyakusanya kwa miaka sita. Mengine mjomba kaniletea kutoka Dubai, mengine nimeyachambua mwenyewe kwenye viroba vya mitumba ya makontena, njia ya Amani. Yanakaa chumbani kwenye kabati la mninga lenye milango ya mbao. Masika hii mvua ilivyokuwa haikatiki sikulifungua kabati kama wiki saba hivi.

Jumapili nimelifungua. Kwanza harufu, tamutamu, kama ya pazia jipya la bafuni. Nikamshika Godzilla mgongoni, kidole kikanata. Si vumbi na si ukungu. Ni kama mtu kampaka asali kisha akaifuta, ikabaki ile ya mwisho isiyofutika. Kwenye mapezi ya mgongo kaganda nyuzi za kitambaa, nikizivuta zinarefuka. Alien mkia umelegea mpaka umegusa kisigino. Predator nilipomkunja goti tu, ta! Pini imekatikia ndani ya paja.

Godzilla ni wa kampuni ya Bandai, hao wawili ni wa kampuni ya NECA. Mama anasema ni moshi wa udi. Kaka anasema ni hewa ya chumvi. Jirani kaniambia nimeuziwa feki. Nani mkweli?

#2 Sokoni_Darajani
Feki hiyo, usijisumbue. Miye kila sikukuu nauza vitu vya watoto Mnazi Mmoja, plastiki naijua kwa pua. Harufu tamu kali ndo alama ya kwanza. Ya pili tizama mistari ya kuungia ubavuni: ya asili utaitafuta, ya feki inakukwaruza kucha. Ya tatu boksi. La Godzilla wa Kijapani huwa na stika ndogo ya Toho, wenye filamu. Boksi unalo?

#3 Bi_Ubani
Mwanangu, mama yako hakukosea. Udi una mafuta. Tizama dari la chumba cha bibi harusi baada ya wiki moja ya kufukiza, utaliona limepiga hudhurungi na ukipitisha kidole kinanata vilevile. Kama mnafukiza kila usiku wa kuamkia Ijumaa na kabati liko chumba hichohicho, moshi unaingia na hauna pa kutokea.

#4 Chwaka_Pwani
Hiyo ya chumvi mie siiafiki. Nyumba yangu na bahari ni hatua thelathini, maji yakijaa nayasikia kitandani. Nna masanamu 20 na ushee kwenye rafu ya wazi na hakuna hata moja linalonata. Chumvi imenila kwengine: skrubu za migongoni zimeshika kutu, na sanamu moja lenye springi ndani ya taya halifungi mdomo tena. Chumvi hula chuma. Plastiki haina habari nayo.

#5 Skuli_Kemia
Nasomesha kemia, nitajaribu kulieleza jambo hili kwa lugha ya jikoni.

PVC yenyewe ni ngumu, ndiyo ile ya bomba la maji. Ili iwe laini kama kandambili huchanganywa na vilainishi, navyo ni vimiminika vya mafuta. Vilainishi havikufungwa na plastiki, vimekaa kati yake tu. Joto likizidi vinapanda juu taratibu. Ni kama tui: ukiliacha motoni bila kulikoroga linakatika, mafuta yanaelea. Kukiwa na upepo hupati tabu kubwa. Kukiwa kumefungwa wiki saba kwenye joto la masika, mafuta yanakaa palepale juu ya ngozi ya sanamu na vumbi linayashika.

Nikupe jaribio. Masanamu haya hayajaumbwa kwa plastiki moja. Kiwiliwili na mkia mara nyingi ni PVC laini, sehemu za ndani ya viungo huwa ni ABS, plastiki ngumu isiyo na vilainishi vya namna hiyo. Gusa kimoja kimoja. Kikinata kiwiliwili peke yake, si moshi. Moshi hauchagui.

#6 Kikwajuni_Juu
Ahsante mwalimu. Nimekaa na taa sasa hivi nikagusa kimoja kimoja.

Godzilla: mgongo unanata, mkia unanata sana, shingo kidogo. Kiungo cha nyonga, kile cha gololi, kikavu kabisa. Kucha kavu. Kisimamio cha Alien, kile cheusi kigumu, kikavu.

Ila kuna jambo linanichanganya. Nna Godzilla wawili wa kampuni moja, wamekaa bega kwa bega. Mmoja ananata, mmoja mkavu kama kanunuliwa jana.

@Sokoni_Darajani boksi ninalo la huyo anayenata, na stika ya Toho ipo. La huyo mkavu silo, yeye nimemtoa kwenye kiroba.

#7 Sokoni_Darajani
Basi inawezekana huyo mkavu ndo feki 😅 Kapata plastiki ngumu ya bei rahisi, haina mafuta ya kutoka!

#8 Chake_Mjini
Salamu kutoka Pemba. Na mie nakusanya mafiga, nnayo 34. Hili la kunata mie nimelipata na kabati sina kabisa, mafiga yangu yote yako wazi na feni inazunguka mchana kutwa. Kwa hiyo hiyo ya hewa mwalimu naomba tuiangalie tena.

#9 Bi_Ubani
Mafiga 34? Una jiko la sikukuu nzima!

#10 Chake_Mjini
Hahaha, si mafiga ya kupikia Bi Ubani, ndivo tunavyoyaita sisi vijana. Jina limetoka kwenye maboksi, yameandikwa "figure".

#11 Bi_Ubani
Itani masanamu, tufahamiane. Figa ni jiwe, na huwa matatu.

#12 Fundi_Viungo
Wengine wote mmeshughulika na kunata, goti la Predator mmelisahau. Kijana, hilo linatengenezeka. Nimeshatengeneza kama hayo hayana idadi.

Chemsha maji, yaache yapoe mpaka uweze kutia kidole ukahesabu moja mbili tatu. Tumbukiza paja peke yake kama dakika moja. PVC italegea kama jibini, kile kipande kilichokatikia ndani utakitoa kwa koleo ndogo. Usikivute kwa pembeni, kivute sawa na kilivyoingia. Halafu ndo sehemu inayotaka moyo: toboa katikati ya pini zote mbili kwa keekee nyembamba, ile ya mafundi saa, izungushe kwa vidole na si kwa mashine. Mashine inapata moto na plastiki inayeyuka inaifunga keekee humohumo.

Ndani unapitisha waya. Mitandaoni watakwambia tumia pini ya karatasi. Kwao huko sawa, kwetu itashika kutu na kutu inavimba, goti litapasuka mwaka wa pili. Tumia waya wa shaba, uvue kwenye waya wa umeme wa zamani. Gundi ya supa kitone kimoja kwa ncha ya sindano. Ikimwagikia kiungo, goti limeganda milele, na inatoa ukungu mweupe unaochafua rangi.

Na siku nyengine sanamu likikaa muda mrefu usilikunje likiwa baridi. Rangi ya kiwandani inaziba kiungo, nawe unadhani unakunja kumbe unakata. Lipashe kwanza, maji ya moto au mashine ya kukaushia nywele, likikubali ndo ulikunje. Mkia wa Alien nao ni hivohivo: maji ya moto, uupinde unavyotaka, kisha tia kwenye maji ya barafu palepale.

#13 Jangombe_Boy
Fundi, viungo vyangu vikikaza mie napaka mafuta ya nazi vinalainika vizuri tu. Kuna ubaya?

#14 Fundi_Viungo
Nazi hapana! Inachacha. Kuna mtu kaniletea sanamu lenye sisimizi wamejipanga ndani ya nyonga, wakitoka kwapani. Na mafuta ya mashine, yale ya petroli, ni mabaya zaidi, yanaila plastiki. Ukitaka kulainisha tafuta mafuta ya silikoni, kitone. Kiungo kikilegea kupita kiasi fanya kinyume: paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye gololi, ikauke usiku kucha, rudisha.

#15 Jangombe_Boy
Sasa nimefahamu sisimizi wa rafu ya juu wanatokea wapi. Shukran.

#16 Mzee_wa_Vuga
Vijana, nawasoma tangu jana. Mie nilikuwa naingia sinema, Majestic hapa Vuga na Cine Afrique kule Malindi, na zimwi la filamu wakati wetu hulimiliki, unalilipia unaliona unakwenda zako. Lakini nataka muelewe kwamba sanamu la viungo halikuanzia dukani, limeanzia ndani ya filamu zenyewe.

King Kong wa mwaka 1933 alikuwa sanamu la kimo cha inchi 18 hivi. Ndani kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi, juu mpira, na juu ya mpira ngozi ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walimsogeza kidogo, wakapiga picha, wakamsogeza tena. Tizameni filamu ile kwa makini: manyoya yanachezacheza mwilini kama yana upepo. Si upepo. Ni alama za vidole vya aliyemshika baina ya picha na picha.

Na mpira wake ulioza. Kimoja katika viunzi vile kiliuzwa mnadani London mwaka 2009 kikiwa chuma kitupu. Kwa hivyo kijana wa Kikwajuni usihuzunike, hata Kong mwenyewe ngozi imemtoka.

#17 Kikwajuni_Juu
Mzee wangu shikamoo. Hiyo ya vidole nimekwenda kuitizama usiku huuhuu. Kweli kabisa! Nimerudisha nyuma mara nne. Sasa kila nikimsogeza mkono Godzilla nakumbuka.

#18 Sokoni_Darajani
Narudi kwenye feki. Nimemwona jamaa mmoja na Godzilla wa NECA, boksi limeandikwa inchi 12. Nimempima kwa rula: kimo inchi 6 na nusu. Nusu nzima imeibiwa! Mkiambiwa feki muwe mnasikia.

#19 Chwaka_Pwani
#18 hukuibiwa wewe wala yeye. NECA Godzilla wao wanampima kutoka kichwa mpaka ncha ya mkia, na boksini huandikwa hivohivo. Mlaze, pima kwa kamba ifuate mkia.

#20 Sokoni_Darajani
Nimempigia simu kapima. Kumi na mbili kasoro kidogo. Haya, nimekosea hapo. Lakini kwenye harufu sirudi nyuma.

#21 Mtu_wa_Wete
Nyie wa Unguja mna moyo. Miye nlikuwa mdogo mwaka 1995 wakati wa Popobawa, lile zimwi la mbawa lililosemwa linavamia watu usiku. Tulilala nje watu wazima na watoto, moto unawaka uwanjani, wazee wanasoma Qur'ani mpaka alfajiri. Sasa ntu aje anambie niweke zimwi kwenye kabati, tena la mbawa, chumbani nnapolala? Hasha. Na malaika hawaingii nyumba yenye masanamu, hilo mnalijua nyote.

#22 Msikitini_Mapema
Mtu wa Wete, hadithi hiyo ni sahihi na hakuna anayeipinga. Lakini ipo na nyengine, kaipokea Abu Dawud. Upepo ulifunua pazia kwa Bi Aisha (R.A.), pakaonekana watoto wake wa bandia, na katikati yao farasi wa vipande vya nguo mwenye mbawa mbili. Mtume (S.A.W.) akauliza farasi gani ana mbawa? Akajibu, hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Akacheka mpaka yakaonekana magego yake.

#23 Mtu_wa_Wete
Hiyo ya kuchezea watoto sheikh. Huyu kijana ana ndevu.

#24 Msikitini_Mapema
Ndipo wanavyuoni walipokhitalifiana: wapo waliosema ruhusa ni ya watoto tu, wapo wanaotazama linakaa vipi, limetukuzwa ukutani au linachezewa na kutupwa chini. Na ipo ile ya Jibril (A.S.) kuamrisha kichwa cha sanamu kikatwe liwe kama mti. Mwenye shaka amuulize sheikh wake uso kwa uso.

#25 Chake_Mjini
Mafiga yangu mengi vichwa vinang'oka, ni gololi tu. Usiku nivitoe?

#26 Msimamizi_Jukwaa
Suala la fiqhi lishieni hapo tafadhali, lina jukwaa lake. Turudi kwenye kunata.

#27 Kikwajuni_Juu
Msimamizi samahani, naomba nitie neno moja kwa sababu linahusu kunata.

Hilo alolisema Mtu wa Wete ndilo lililonipeleka kwenye kabati. Mwanzo masanamu yangu yalikuwa juu ya meza ya kusomea, dirisha liko wazi, kaskazi inaingia. Mama hakupenda, anasali chumba kile mara nyengine. Hatukugombana. Tulikubaliana yakae ndani, milango ya mbao na si ya kioo, wakati wa sala yasionekane. Miaka minne mezani hayakunata hata siku moja. Kabatini ni mwaka wa pili huu.

#28 Skuli_Kemia
Basi jibu si hilo? Umelisema mwenyewe. Hewa.

Na naongeza: kabati la mninga, limepigwa vanishi lini? Vanishi mpya inatoa mvuke miezi kadhaa, na mvuke wa tina, ile dawa ya kuzimulia vanishi, unaweza kulegeza rangi na ngozi ya plastiki.

#29 Bi_Ubani
Mwalimu usikimbilie. Pale mezani udi ulikuwa unapita na upepo unautoa. Kabatini umeingia haukutoka. Hewa yako ndo inathibitisha udi wangu. Na Chake Mjini ana feni na yake yamenata, utamjibu nini?

Tena namuuliza mtoto: humo kabatini mna nguo? Mna nafthalini?

#30 Kikwajuni_Juu
Loh. Zimo. Droo ya chini ina kanga za mama za harusi yake, na vidonge vya nafthalini kama kumi, anaviongeza kila mwaka. Ile harufu tamu huenda ndo yenyewe? Nimenusa kidonge kimoja kisha nikamnusa Godzilla. Zinafanana lakini si moja. Vanishi imepigwa mwaka juzi.

#31 Fundi_Viungo
Nafthalini! Toa leo. Plastiki nyengine inazilegeza kabisa. Nilishaletewa kitana cha zamani kilichokaa na vidonge vile, kimelainika mpaka kimechukua alama ya kitambaa.

#32 Skuli_Kemia
Hilo la nafthalini nalikubali kwamba linawezekana. Ila na lenyewe lina deni moja: vipi limemgusa Godzilla mmoja likamwacha mwenzake?

#33 Chwaka_Pwani
Labda mwenzake kasimama mbali na droo? Nani alikuwa rafu ya chini?

#34 Kikwajuni_Juu
Wote wawili rafu ya kati. Anayenata ndiye alokuwa kulia, upande wa dirisha. Jua la jioni linapiga ubavu huo wa kabati.

#35 Jangombe_Boy
Kwa hiyo ni jua! Tumepata la sita.

#36 Jangombe_Boy
Wakati mnahesabu, nani anajua kwamba yule Alien wa filamu ya kwanza alikuwa mtu mweusi ndani ya vazi? Mkenya mmoja mrefu. Na ndiye huyohuyo aliyevaa Predator.

#37 Mzee_wa_Vuga
Umechanganya viwili kwa mkupuo. Alien wa mwaka 1979 alivaliwa na Bolaji Badejo, Mnaijeria, mwanafunzi wa sanaa London. Kimo chake kilikuwa kama mita 2 na sentimita 8. Hakuwa mchezaji filamu, alionekana kwenye baa watu wakastaajabu urefu na wembamba wake. Umbo lenyewe lilichorwa na H. R. Giger wa Uswisi. Badejo hakucheza filamu nyengine, akarudi kwao Nigeria na akafariki mwaka 1992 bado kijana.

Predator wa mwaka 1987 ni Kevin Peter Hall, Mmarekani, mrefu kuliko hata huyo.

#38 Kikwajuni_Juu
Mzee hili nililijua na ndilo lililonitia kwenye kazi hii. Nilipokuwa skuli nilikuwa mrefu mwembamba, wakiniita mlingoti. Siku niliyosoma habari ya Badejo nikamtafuta Alien wake mpaka nikampata, na hilo sanamu la mkia uliolegea ndo yeye. Mtizameni vizuri: paja jembamba, kiganja kinafika karibu na goti. Watu wanadhani msanii kamrefusha ili atishe. Ni mwili wa mtu. Wengine wanaona zimwi, mie namuona kijana wa Kinaijeria kasimama kimya ndani ya vazi la mpira, joto limemzidi, anasubiri aambiwe asogee.

Ndo maana siwezi kumtupa ati kwa sababu ananata.

#39 Chake_Mjini
Umenigusa. Wanangu watatu wa Alien nimewarudisha mbele ya rafu.

#40 Mtu_wa_Wete
Nlisema siweki zimwi, na siweki. Lakini huyo Godzilla miye namheshimu, na sababu yake ntakwambia. Sie ni watu wa bahari. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani waliripua bomu la nyuklia kwenye visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, na chombo cha Kijapani cha kuvua jodari kilikuwa baharini, mabaharia 23. Ikawanyeshea majivu meupe. Wakayakusanya kwa mikono hawayajui. Mwezi Septemba mmoja wao, mtu wa redio, akafariki. Novemba mwaka huohuo filamu ya Godzilla ikatoka, na inaanza na chombo kinachoteketea baharini, familia ziko pwani zinasubiri habari.

Babangu alikuwa akivua jodari. Ile ya kusubiri pwani naijua. Ngozi yake ile ya makunyanzi, wengi husema imefanana na makovu ya walioungua kwa bomu. Mtakapoiosha ioshweni kwa adabu.

#41 Sokoni_Darajani
Nimeuza Godzilla wa Idi miaka kumi, hili sikulijua. Allah awarehemu.

#42 Chwaka_Pwani
Mtu wa Wete, na Popobawa je? Nimeanza kumtengeneza: kiunzi cha waya wa shaba kama alivyofundisha Fundi, mbawa za ngozi ya mbuzi nyembamba, bega la gololi ya baiskeli. Nimekwama kichwani. Jicho moja au mawili?

#43 Mtu_wa_Wete
Nakuomba usimtengeneze.

#44 Jangombe_Boy
Kwetu walisema jicho moja.

#45 Bi_Ubani
Kwetu walisema haonekani, kinachoonekana ni kivuli cha bawa, ndipo jina lilipotoka. Kwa hiyo chochote utakachotia hutokosea wala hutopatia.

#46 Kikwajuni_Juu
Naleta habari. Jumamosi nimewaosha wote wanaonata. Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa mtoto mchanga. Spiriti sikutia, niliogopa rangi. Maji ya kwanza yametoka na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Bi Ubani nakuona unacheka, maana plastiki haina rangi ya chai. Lakini mwalimu naye ana lake: nimewakausha kwa feni siku moja na nusu, na mkia wa Godzilla umeanza tena kunata kidogo chini kwenye mkunjo, ndani ya beseni safi lisilofukizwa chochote.

Goti la Predator limekubali. Waya wa shaba, kitone kimoja, kasimama. Fundi, Mungu akujaalie.

Mkia wa Alien nimeupinda kwenye maji ya moto mara mbili, sasa umenyanyuka kama kwenye picha ya boksini.

Nimetoa nafthalini, mama kakubali kutia karafuu badala yake. Nimetoboa mgongo wa kabati matundu manane. Na nimefanya hivi: Godzilla anayenata nimemweka kabatini upande wa kivuli, mkavu nimemhamishia upande wa jua. Sanamu moja bovu la kiroba nimelitundika chumba cha mama linakofukizwa udi, na jengine bovu nimempa Chwaka akae nalo pwani. Vuli ikimalizika tutayagusa yote.

#47 Skuli_Kemia
Jaribio zuri, ila hukuacha hata moja mezani dirishani kama zamani. Utalinganisha na nini?

#48 Kikwajuni_Juu
Mama hajakubali bado. Nitamuomba tena.

#49 Bi_Ubani
Chai ya rangi, mwalimu. Chai ya rangi.

#50 Skuli_Kemia
Rangi ya vumbi lililogandwa na kilainishi, Bi Ubani.

#51 Chwaka_Pwani
Bovu limefika, nimelitundika mlangoni, linapigwa na kusi moja kwa moja. Leo ni kavu.

#52 Jangombe_Boy
Samahani nje ya mada: nani ana kiganja cha kushoto cha Predator wa NECA, kile kilichofumbatwa? Changu kimeingia kwenye beseni la kufulia na sijakiona tena. Natoa kichwa cha Alien kwa kubadilishana, ila kina sisimizi kidogo.

#53 Fundi_Viungo
Ninacho. Kwanza kioshe hicho kichwa.